Nani Atalifufua Shamba la Bura?

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati yetu mbele ya wazee, kina mama na vijana wa Sangailu, wilaya ya zamani ya Ijara. Yalisemwa kwa Kiswahili na kufasiriwa kwa Kisomali. Tunayachapa kama yalivyosemwa, ila tumepunguza salamu.)

  

Tumekuja kusema nanyi juu ya shamba ambalo haliko hapa. Sangailu haina mto. Maji yenu ni ya mabwawa, na bwawa likikauka mwajua wenyewe njia ya kufuata. Ng'ombe huelekezwa magharibi, siku kadhaa za mwendo, mpaka kingo za Tana. Au husukumwa upande wa msitu wa Boni, ambako tangu operesheni za usalama za mwaka 2015 mchungaji huingia akiwa na hofu mbili, ya wenye silaha msituni na ya kudhaniwa kuwa mmoja wao. Basi mto huo usioonekana kutoka hapa ndio akiba yenu ya mwisho. Yeyote anayeugusa, amegusa zizi lenu.

Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Hatuna haja ya kuwasimulia ninyi habari ya mizoga. Baadhi ya familia zenu zilishuka mtoni na hazijarudi. Na baada ya hapo mlituletea swali, kwa kinywa cha wazee wawili waliosafiri mpaka kwetu: mashamba makubwa ya serikali kando ya Tana yafufuliwa, je, watu wa Sangailu wajiandikishe na kuwa wakulima, au wakae mbali wasije wakafungwa kamba ambayo hawataweza kuifungua? Wazee walituomba jibu la kweli, si la mkutano wa siasa. Tutajitahidi, ingawa baadhi ya majibu yetu yatatuaibisha sisi wenyewe.

Tuanze na Bura, maana ndilo shamba kubwa lililo karibu nanyi, ng'ambo ya mto, katika Kaunti ya Tana River. Msilichanganye na Bura ya upande huu, ya Fafi. Mpango wake uliidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 1977, na nchi na mashirika kadhaa ya Ulaya yakaongeza fedha zao. Karatasi zilisema hekta 6,700 zitapata maji na familia zaidi ya 5,000 zitapewa makao. Makisio ya kwanza ya gharama yalikaribia dola milioni 100, fedha ambayo mwaka ule hata mawaziri waliitamka kwa sauti ya chini. Familia za kwanza ziliwasili mwaka 1981. Zilitoka pande zote za Kenya, watu wasio na ardhi, nao wakaungana na wenyeji wachache waliokubaliwa. Kila familia ikapewa hekta moja na robo ya kulima pamba na mahindi, na kishamba kidogo cha mboga.

Kilichotokea baadaye kimeandikwa na wafadhili wenyewe, kwa hiyo hatusemi uzushi. Hekta zilizopata maji hazikufika nusu ya zile zilizoahidiwa. Zilikuwa kiasi cha 2,500. Familia zilizopata makao zilikuwa 2,000 na kitu. Gharama kwa kila familia ilipanda mara kadhaa. Malaria iliwashika watoto waliotoka nyanda za juu, na katika shamba lililojengwa kwa mamilioni watoto walionekana wamedhoofu kwa kukosa chakula, kwa sababu pamba hailiwi na malipo ya pamba yalichelewa.

Lakini kiini cha maradhi kilikuwa mtoni, mahali paitwapo Nanigi. Wahandisi walikuwa wamepanga kuyaongoza maji kwa mteremko, yaani mto uzuiwe juu, maji yaingie mferejini yenyewe na kushuka mpaka mashambani bila gharama ya mafuta. Kazi hiyo ilikuwa ghali, ikaahirishwa. Mahali pake zikawekwa pampu za dizeli, na pampu hizo zikaitwa za muda. Wazee wetu, hakuna kitu cha kudumu katika nchi hii kama kile ambacho serikali imekiita cha muda. Pampu zile za muda zilizeeka zikiwa kazini. Kila tone lililofika kwenye mche wa pamba lilikuwa limenunuliwa kwa dizeli iliyosafirishwa kutoka mbali. Dizeli ilipokosekana mche ulikauka. Pampu ilipovunjika, kipuri kilisubiriwa mpaka msimu ukapita. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafadhili walifunga vitabu vyao wakaondoka. Katika miaka ya kwanza ya 1990 mifereji ya Bura ilikuwa mikavu, na wapangaji waliobaki, maana wengine walikwisha kukimbia, walikuwa wakichoma makaa ili waishi.

Tunasema wapangaji kwa makusudi. Watu wa Bura hawakuwa wenye shamba. Chini ya Sheria ya Unyunyizaji Maji ya mwaka 1966 na kanuni zake za 1977, mkulima wa mradi wa taifa alikuwa mwenye leseni tu. Meneja ndiye aliyeamua kipandwe nini na lini. Mazao yalipelekwa mahali meneja alipoagiza. Mifugo haikuruhusiwa ila kwa idadi na aina iliyoandikwa katika leseni. Asiyetii aliweza kufutiwa leseni, na akifutiwa leseni alipoteza shamba na nyumba pamoja. Ninyi wafugaji mtaona mara moja maana ya mtu kuishi kwa leseni ya mtu mwingine. Atafanya kazi, naam, lakini hatauzibua mfereji ambao kesho si wake. Mfereji ukijaa matope atangoja gari la serikali, na gari la serikali nalo litangoja mafuta.

Hapa hatuna budi kuungama kosa letu. Sisi tuliosimama katika harakati za mageuzi mwaka 1990 na 1991, makanisani na mitaani, tulihubiri kwamba chama kimoja ndicho ugonjwa na vyama vingi ndiyo dawa. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, tukaimba. Wengi wetu hatukujua hata kwamba ni mwaka huohuo wa 1991 ndipo sheria za hali ya hatari zilizowafunika watu wa Kaskazini Mashariki tangu miaka ya kwanza ya uhuru zilipoondolewa. Sisi tulikuwa tukidai haki ya kupiga kura, ilhali ninyi mlikuwa hamjapata haki ya kutembea usiku. Uchaguzi wa vyama vingi ukaja Desemba 1992. Bura ikabaki kavu. Ukaja wa 1997, Bura bado kavu kwa sehemu kubwa, na wagombea walikuwa wakiliahidi maji lile lile shamba kutoka majukwaa mawili yanayopingana. Tulikuwa tumebadili idadi ya majukwaa. Ufunguo wa lango la maji ulikuwa bado katika mfuko uleule.

Kosa hilo lilitupasa tulitambue mapema zaidi, kwa sababu ya Hola. Ndugu wa makanisa mliotoka Hola mtatusamehe tukiwasimulia wenyeji wetu habari mnayoijua. Shamba la Hola lilianzishwa katika miaka ya 1950, likafanywa kazi na wafungwa wa Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa waliokataa kuchimba walipigwa na walinzi mpaka 11 wakafa. Na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema nini? Ilisema watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Maji ya Tana yakasingiziwa mauaji. Uongo huo uliposhindwa na madaktari waliozipima maiti, bunge la Uingereza likatikisika, na kambi ikafungwa. Lakini shamba halikufungwa, wala mfumo wake. Uhuru ulipokuja, badala ya mfungwa akawekwa mwenye leseni, na badala ya mlinzi akawekwa meneja. Hatusemi ni kitu kimoja, tusiwakosee waliokufa. Twasema tu kwamba tangu siku ya kwanza mashamba haya yaliundwa kwa ajili ya mtu asiye na sauti, na muundo ule haukuguswa.

Mwaka 1989 mto wenyewe ukaihama Hola. Tana ni mto unaogeuka. Ukaacha mkondo wa zamani, na kituo cha pampu kikabaki kikiangalia mchanga. Mashamba yakalala zaidi ya miaka 10. Yamefufuliwa baadaye kwa fedha za umma, kama Bura nayo ilivyorudi mikononi mwa Bodi ya Kitaifa katikati ya miaka ya 2000 na kuanza kulimwa tena, safari hii mahindi ya mbegu zaidi kuliko pamba. Na mfereji wa mteremko, ule ulioahirishwa tangu mwanzo, kazi yake ilianza katika miaka ya 2010 kwa mikopo ya mifuko ya maendeleo ya nchi za Kiarabu. Miaka zaidi ya 30 ya dizeli, ndipo ikakumbukwa kwamba maji hushuka bure.

Kwa hiyo hatuwaambii kwamba mashamba haya hayawezi kufufuka. Tulipita Bura tukija kwenu. Tuliona mahindi yaliyosimama vizuri, mistari iliyonyooka, na kina mama wakipalilia. Tuliona pia, hatua chache kutoka hapo, mfereji mdogo uliojaa mathenge kiasi kwamba mbuzi hapiti. Wafasiri, tafadhali lisemeni jina hilo polepole, maana wenyeji wetu wanalijua. Mti huo uliletwa na kupandwa huko Bura katika miaka ya 1980 ili wakulima wapate kuni, kwa kuwa miti ya kando ya mto ilikuwa ikiisha. Nia ilikuwa njema. Shamba lilipotelekezwa, mti haukutelekezeka. Mifugo hula maganda yake matamu na kuzisambaza mbegu kwa samadi; miiba yake hutoboa kwato na matairi; maganda yenyewe yakiliwa kwa wingi huharibu meno. Watu wa Baringo walimpeleka mbuzi asiye na meno mahakamani Nairobi awe shahidi wao dhidi ya serikali, na magazeti yakacheka. Sisi hatukucheka. Mfereji usio na mwenyewe hauachi nafasi tupu; daima kuna kitu kinachoingia.

Mkulima mmoja tuliyekutana naye, mzee aliyekuja kijana katika miaka ile ya kwanza, alituonyesha mfereji huo. Tulimwuliza kwa nini wasiukate mti wakauzibua. Akatujibu kwa swali: nikiuzibua, ni nani atakayeniambia kwamba maji yatakuja? Alikuwa amewahi kuzibua mara mbili. Mara zote mbili maji hayakuja, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Kisha tulikwenda katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, tukaomba kuona hesabu ya ada ya maji iliyokusanywa msimu uliopita na jinsi ilivyotumika. Tulipewa viti na soda. Hesabu hatukuonyeshwa.

Kuna wanaosema: basi wafukuzwe mameneja, wakulima wajisimamie. Sisi nasi tuliwahi kusema hivyo kwa sauti kubwa, na tunao mfano wa kuutazama kwa macho makavu. Huko Mwea, shamba la mpunga lililoanzishwa vilevile kwa mikono ya wafungwa katika miaka ya 1950, wakulima walichoka. Bei ya mpunga ilipangwa na Bodi, makato yalifanywa na Bodi, na mtoto wa mkulima akikua hakuwa na haki katika shamba la baba yake. Mwaka 1998 walikataa kuupeleka mpunga wao kwa Bodi, wakauelekeza katika chama chao cha ushirika. Damu ilimwagika, vijana wawili waliuawa kwa risasi katika vurugu zilizofuata. Wakulima wakalichukua shamba, wakalisimamia wenyewe mpaka mwaka 2003.

Tulisherehekea. Katika kurasa kama hizi yaliandikwa maneno ya shangwe. Lakini ukweli wote ni huu. Bei ya mkulima ilipanda, hilo ni kweli. Mashine za kuzibua mifereji mikuu hazikuwa zao. Ada ya maji ililipwa na wengine na wengine hawakulipa, na chama hakikuwa na nguvu ya kumfungia maji asiyelipa kwa kuwa alikuwa jirani au mpiga kura. Wa juu ya mfereji walimwagilia wapendavyo, wa mwisho wa mfereji wakakauka. Mwaka 2003 wakaketi tena na Bodi, wakagawana kazi: mifereji mikuu ibaki kwa Bodi, mifereji midogo isimamiwe na vyama vya watumiaji maji, na mkulima auze mpunga wake apendako. Hawakurudi walikokuwa, wala hawakufika walikotaka. Tukiulizwa ni wapi nchini tumeona shamba kubwa lililogeuzwa kweli, twaitaja Mwea, pamoja na kasoro zake zote na ugomvi wake usiokwisha, kwa sababu ugomvi wenyewe sasa unasikika.

Kuna njia nyingine ambayo mtaisikia ikisifiwa, ya kumpa mwekezaji. Majirani zetu wa Tanzania walikuwa na mashamba ya mpunga ya shirika la umma katika bonde la Usangu, Mbarali na Kapunga, yaliyochakaa. Katikati ya miaka ya 2000 yakauzwa kwa makampuni. Huko Kapunga wanakijiji walilia kwa miaka kwamba ardhi ya kijiji chao iliuzwa pamoja na shamba. Na katika miaka hiyohiyo, 2006 na 2007, wafugaji waliamriwa kutoka Usangu na mifugo yao, wakasukumwa mpaka mikoa ya mbali, kwa hoja kwamba ng'ombe ndio waliokausha mto. Tunawaambia habari hii ninyi kwa sababu ya neno hilo la mwisho. Shamba kubwa linapofufuliwa maji huhitajika zaidi, na anapotafutwa wa kulaumiwa kwa upungufu, mwenye mfereji huwa na wakili, na mwenye ng'ombe huwa na fimbo.

Ndugu wa makanisa, mwajua habari ya Isaka, ambaye wenyeji wetu humwita Isihaka, amani iwe juu yake. Visima vya baba yake vilikuwa vimezibwa kwa udongo na watu wenye wivu. Akavichimbua upya. Tena katika bonde watumishi wake walichimba kisima, wachungaji wa mahali wakakigombania. Wakachimba cha pili, kikagombaniwa pia. Ndipo wakachimba cha tatu, na hicho hakikugombaniwa, naye akakiita jina lenye maana ya nafasi. Wahubiri hukimbilia kisima cha tatu. Sisi twaomba mtazame viwili vya kwanza. Maji yalikuwamo. Kazi ya kuchimba ilikuwa imekwisha. Kilichokosekana ni mapatano, na kisima chenye maji kikaachwa.

Mapatano yanapokosekana katika Tana hatuachi visima, tunauana. Kati ya Agosti 2012 na mwanzoni mwa 2013, katika delta ya Tana, Waorma na Wapokomo waliuana kwa mapanga, mikuki na bunduki. Zaidi ya watu 100 walikufa, wengi wakiwa kina mama na watoto. Yalisemwa mengi kuhusu siasa na uchaguzi, na siasa ilikuwamo. Lakini chini ya siasa palikuwa na malka. Twalitumia neno la mtoni, malka, njia ya mifugo kufikia maji. Shamba likilimwa kando ya mto kwa urefu bila kuacha malka, ng'ombe mwenye kiu atapita katika mahindi. Hakuna polisi anayeweza kumzuia ng'ombe aliyesikia harufu ya maji baada ya siku nne. Walioichora Bura katika miaka ya 1970 walichora mifereji, vijiji, barabara na mashamba ya kuni. Wafugaji waliokuwa wakilitumia eneo lile wakati wa kiangazi walipewa nafasi ndogo mno katika michoro ile, na ugomvi wa ng'ombe kuingia mashambani haukukoma tangu siku hiyo.

Sasa jibu letu kwa swali la wazee.

Hatuwashauri watu wa Sangailu wote wageuke wakulima wa mahindi. Mwenye kutaka, hasa aliyepoteza mifugo yote na yuko mtoni tayari, ajiandikishe, lakini kwanza aombe kusomewa karatasi anayotia kidole. Sheria ya zamani ya leseni iliondolewa na Sheria ya Unyunyizaji Maji ya mwaka 2019, ambayo yatambua vyama vya watumiaji maji na kuzipa kaunti sehemu katika kazi hii. Karatasi yoyote inayomrudisha mtu katika hali ya leseni ya 1966, asiitie kidole. Atuletee.

Kwenu mnaobaki na mifugo, na ninyi ndio wengi, twasema msikae mbali. Hili ndilo tulilobishana sana katika kamati kabla ya kuja. Baadhi yetu walisema mfugaji akiketi katika kamati ya mfereji amekwisha kuukubali mfereji. Tumeamua vinginevyo. Mfereji wa mteremko ukikamilika kazi yote, maji mengi zaidi yatatoka mtoni na hekta zitaongezwa, mkiwapo au msiwapo. Afadhali muwepo wakati mstari unapochorwa. Katiba ya 2010 yawapa haki ya kushirikishwa, katika kifungu cha 10, na haki ya maji na chakula, katika kifungu cha 43. Wala haisemi haki hizo ni za mwenye jembe pekee.

Muwepo kwa kudai nini? Kwanza malka. Zitajwe kwa majina yake yanayojulikana na wazee, zitiwe mawe ya mipaka, ziandikwe katika ramani ya mradi kabla ya hekta moja kuongezwa, na daraja la mifugo lijengwe kila malka inapokatwa na mfereji. Daraja la ng'ombe si kitu kigumu. Ni zege na changarawe. Kinachofanya lisijengwe ni kwamba hakuna aliyelidai siku fedha zilipogawanywa.

Kisha mabua. Hili wengi hawalifikirii, nasi hatukulifikiria mpaka mama mmoja wa Hola alipotufunza. Baada ya kuvuna mahindi mabua hubaki shambani, na mara nyingi huchomwa moto. Mavuno ya Bura yakiangukia kiangazi, mabua hayo yanaweza kumwokoa ng'ombe wa Sangailu. Mkulima anahitaji samadi na anahitaji shamba lisafishwe. Mfugaji anahitaji lishe. Patengenezwe mapatano ya maandishi, yenye tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, na bei. Ndiyo, bei, msitake vya bure, maana cha bure hufungwa lango siku ya taabu. Pale ambapo jirani za mtoni wamepatana hivyo, hata bila karatasi, wamelala usingizi.

Na mathenge katika mifereji na katika malka ukatwe kwa malipo, na kazi hiyo wapewe vijana wa pande zote mbili za mto. Makaa ya mathenge huuzika. Lakini wapewe kibali cha kusafirisha, wasije wakakata miezi miwili na kukamatwa njiani na gunia zao.

La mwisho ni hesabu. Ada ya maji na fedha ya matengenezo isomwe hadharani kila baada ya mavuno, kwa Kiswahili na kwa lugha za mahali, mbele ya wakulima na wafugaji, na anayesoma awe mtu anayeweza kuulizwa. Tumejifunza kutoka Mwea kwamba kumwondoa meneja hakutoshi ikiwa jirani asiyelipa haguswi. Tumejifunza kutoka Bura kwamba kulipa hakutoshi ikiwa hakuna wa kumwuliza. Yule mzee aliyezibua mfereji mara mbili hakuhitaji pampu mpya kwanza. Alihitaji mtu mwenye jina, wa kumwambia maji yatakuja Jumanne, na wa kumwendea Jumatano yasipokuja.

Tunajua ni vigumu. Mkutano wa mradi huitishwa ng'ambo ya mto, na tangazo hufika hapa wiki moja baadaye, kama linafika. Mvua ikinyesha barabara ya Sangailu hufungika. Gari la kwenda Masalani lina nauli, na kijana wenu akisimamishwa njiani huulizwa kitambulisho mara tatu kabla ya kuulizwa aendako. Na kuna swali la kitambulisho chenyewe, kwa wale walionyimwa au kucheleweshewa. Hilo tumelizungumza mara nyingi na tutalizungumza tena. Makanisa ya Hola yamekubali kuwapokea na kuwalaza wajumbe wenu watatu kila mkutano utakapoitishwa, na kuwapelekea habari kwa simu siku tangazo linapotoka. Tumeomba mmoja wa hao watatu awe mwanamke, kwa sababu ni mwanamke abakiye nyumbani na ndama wadogo mifugo mikubwa inapoondoka, naye ndiye ajuaye mabua kiasi gani yatosha.

Ardhi yenu ya hapa nayo isisahauliwe mnapoitazama ile ya mtoni. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 mwaweza kuisajili kwa jina la jamii. Msiposajili, siku moja mtu atakuja na ramani ya shamba kubwa la Sangailu, na maji yake yatakuwa katika karatasi tu. Kusini mwa Tana walizindua Galana-Kulalu mwaka 2014 kwa ahadi ya ekari milioni moja. Shamba la mfano lilikuwa la ekari 10,000, na hata hizo hazikukamilika kwa wakati. Ramani ya ekari milioni moja ilichorwa haraka kuliko mfereji wa kwanza.

Tumesema mengi na jua limepanda. Wazee wameomba tuanze na majina ya malka, mmoja mmoja, kutoka Masalani kupanda juu mpaka Nanigi, na kijana wetu amefungua daftari tayari. Tunaketi, semeni.